Fomu ya Mama Yako Niliyoipiga Wino

Nyumbani kwa mjomba wako,
chumba cha kando ya jiko,
Jumanne, tarehe 11 Machi.

Mpendwa mjukuu wangu, Bi Maswali,

Kuna jambo nimemficha mama yako kwa miaka thelathini na miwili, na sasa limekufikia wewe. Lakini sikulelewa kuanza na habari kabla ya salamu, kwa hiyo subiri kidogo.

Hujambo, mjukuu wangu? Mama yako hajambo? Mgongo wake bado unamsumbua kwa kukaa sana ofisini? Na baridi ya huko mmeizoea, au bado mnalala na soksi? Mimi sijambo ya kizee: nimeamka, nimekunywa chai, nimegombana na redio. Miguu imevimba na pumzi ni fupi. Naandika mistari mitano, napumzika. Daktari wangu, binti mpole sana, ameacha kunikataza chumvi. Mgonjwa akiona hakatazwi tena, ajue safari imekaribia. Sisemi hivi ili ulie. Chumvi nimekwisha kuila nyingi, kwa kila maana.

Barua yako ilifika Alhamisi. Umesema fomu ya masomo ya mwaka wa mwisho inarudishwa tarehe ishirini na nane, na kwamba bado unataka kuwa mhandisi wa madaraja, ila unafikiria kuacha hesabu za juu uchukue zile nyepesi. Halafu ukaandika maneno aliyokuambia mama yako: "Mwanangu, usijitese. Hesabu hazina undugu na sisi. Mimi zilinikataa nikiwa na umri wako." Nilipofika hapo niliikunja barua nikaiweka chini ya mto.

Kwanza nijibu ulichouliza. Chukua hesabu za juu. Chukua na fizikia, hata kama mwalimu wake anasinzia darasani kama unavyosema. Mhandisi aliyezikimbia hesabu shuleni huzikuta zinamsubiri mlangoni mwa chuo, zimekasirika. Kemia ukiiweza, ichukue, usipoiweza, haitakuua. Kuhusu lile somo la nne, nilimuuliza mjomba wako, ambaye amechomelea vyuma vya wahandisi maisha yake yote. Hakuinua hata kichwa kwenye sahani. Alisema, "Mwambie achore. Injinia asiyejua kuchora huja kutuchorea hewani kwa mikono, halafu chuma kikipinda tunalaumiwa sisi."

Basi, chora. Na usilidharau somo la lugha, maana daraja halijengwi mpaka mtu aandike ripoti ikaeleweka.

Sasa nirudi kwa mama yako.

Unajua nilikuwa mwalimu wa hesabu. Pengine hujui kwamba katika shule aliyosoma yeye nilikuwa pia mwalimu wa taaluma, na fomu zote za kuchagua masomo zilipita mikononi mwangu. Wanafunzi walijaza kwa penseli. Baada ya mtihani wa mchujo nilikaa na orodha ya alama, nikakubali au nikabadilisha, kisha nikapiga wino. Walimu tulikuwa na msemo wetu: penseli ni yao, wino ni wetu.

Mama yako alikuwa na miaka kumi na saba. Alijaza hesabu za juu, fizikia na uchoraji wa kiufundi, akakandamiza penseli mpaka maandishi yakajitokeza upande wa pili wa karatasi.

Mtihani niliutunga mimi, nikautunza nyumbani ndani ya kabati, na ufunguo nikauweka mfukoni mwa koti lililoning'inia nyuma ya mlango. Niliposahihisha, darasa zima lilikuwa limehangaika. Aliyejitahidi sana alipata sitini na nane. Kisha nikafika kwenye karatasi yenye mwandiko nilioufundisha mwenyewe. Tisini na sita. Nikasahihisha upya kwa ukali, nikitafuta pa kukata. Tisini na sita. Swali la tisa ndilo lililonitisha: jibu lilikuwa sahihi, lakini njia haikuwa ile niliyowafundisha. Mistari saba tu. Nikajiambia, huyu alilijua jibu kabla ya kuingia chumba cha mtihani.

Baba mwingine angefurahi. Mimi nililitazama lile koti.

Sikumuuliza. Ningemwita tu, nikamwambia anieleze alivyolifanya swali la tisa, ningeujua ukweli kabla chai haijapoa. Niliogopa jibu lake, na zaidi niliogopa midomo ya watu: mtihani wa mwalimu, mtoto wa mwalimu. Nikaandika arobaini na moja kwenye orodha. Nikachukua kifutio, nikaifuta ile penseli nzito, nikapiga wino: uhazili na upigaji chapa.

Orodha ilipobandikwa alinifuata sebuleni. Hakulia. Aliuliza, "Baba, nilikosea wapi?"

Nikamwambia, "Hukukosea mahali pamoja. Hesabu si za kila mtu, mwanangu."

Akaomba kuiona karatasi yake. Nikasema karatasi hazirudishwi, na hiyo kweli ilikuwa sheria ya shule. Akasema, "Haya, baba," akaenda kuanua nguo.

Shule nzima ikanisifu. Mkuu wa shule alisema mbele ya walimu wote kwamba nimemwacha nje hata mwanangu wa kumzaa, na tangu siku hiyo wakaniita Mizani. Mjomba wako hunitania kwa jina hilo mpaka leo, kila ninapogawa nyama mezani. Hajui linavyochoma.

Mengine unayajua. Mama yako akawa mhazili, na mhazili hodari. Miaka ishirini sasa anapiga chapa ripoti za makandarasi. Aliwahi kunisimulia kwenye simu kwamba alimrudishia mhandisi mmoja ripoti yake kwa sababu uzito wa nguzo haukujumlika. Yule bwana akamwambia apige chapa kilichoandikwa, aache ujuaji. Kesho yake akaja mezani kwake na kikombe cha kahawa kuomba radhi. Mama yako alicheka sana. Mimi nilisingizia mtandao, nikakata simu.

Ngoja nipumzike.

Nimerudi. Miaka minne baada ya ule mchujo, akiwa tayari ameajiriwa, mama yako alinijia na fomu nyingine, ya chuo cha ufundi cha jioni. Chuo hicho kilichukua watu waliokosa hesabu shuleni, kikawafundisha upya mwaka mmoja, kisha wakaingia uhandisi. Alikuwa ameijaza kwa penseli, ingawa chuo kilitaka kalamu. Akaniambia, "Baba, wewe ndiye unayekijua kichwa changu. Nijaribu tena?"

Nikamwambia asijisumbue, kazi nzuri anayo. Akaikunja ile fomu mara nne. Hakuniuliza tena jambo lolote la shule, na naona wewe amekujibu kwa maneno yangu.

Mwaka huohuo tuliagizwa kuchoma karatasi za zamani zilizojaza stoo. Nikaikuta yake. Nikalisoma swali la tisa taratibu, mstari kwa mstari, nikiwa nimekaa juu ya sanduku la chaki. Mwongozo wangu wa kusahihisha ulichukua ukurasa mzima. Yeye alitumia mistari saba, na ilikuwa sahihi, na ilikuwa mizuri kuliko yangu. Mtu haibi kabatini kitu ambacho hakimo kabatini. Nilipokwisha kuelewa, niliitia motoni pamoja na nyingine.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, kwa kuwa kila mtu aliyenipita njiani alinisalimu kwa heshima.

Kwa hiyo usichague masomo yako kwa uongo wangu. Ukiziacha hesabu kwa sababu huzipendi, hiyo ni haki yako. Lakini usiseme hazina undugu na nyinyi. Kabla hujairudisha fomu, keti na mama yako umsomee barua hii yote, hata palipo na aibu. Ningeweza kumwambia kwa simu, lakini kwenye simu yeye huniuliza habari za dawa, nami hujificha nyuma ya dawa. Akitaka kunipigia baadaye, mjomba wako atanishikia simu sikioni. Asipotaka, mwache. Asinisamehe kwa sababu tu naumwa.

Mjomba wako na mkewe wanawasalimu sana. Binamu zako mapacha nao wanakusalimu. Wamevunja kitanda cha tatu na wanamlaumu fundi. Nisalimie baba yako, mwambie sweta lake ndilo linalonipa joto ninapoandika. Wewe mjukuu wangu, Mungu akupe mikono isiyotetemeka, na akukutanishe na walimu wanaouliza kabla ya kuhukumu.

Hapa ndipo nilipotaka kuishia. Lakini wewe ni Bi Maswali, na najua utauliza lipi lilitangulia mwaka ule, fomu ya chuo au moto wa stoo. Nimeyaandika kwa mpangilio unaonipendelea. Karatasi ya mama yako niliisoma siku ya Jumamosi. Yeye alinijia na fomu yake Jumapili ya wiki iliyofuata.

Ni mimi babu yako akupendaye,
baba yake mama yako.