Baraza la Ijumaa saa saba

Gona, niko hapa nanakili ile ripoti ya athari za gati jipya, na mkono umesimama.

Wanasema sisi wa Mtongwe tulikubali tangu mwaka 1996. Ndiyo hoja yao ya kumhamisha mama shambani kwake.

Ushahidi ni kumbukumbu za baraza. Wanaume themanini na wawili, na "hakuna aliyepinga." Tarehe kumi na tano Novemba, saa saba mchana.

Nimetazama kalenda mara mbili. Ni Ijumaa. Wanaume wa Mtongwe, Ijumaa saa saba, barazani?

Nikampigia yule mtathmini aliyeiandika ripoti. Ati, "Labda siku hiyo sala iliahirishwa, mzee." Iliahirishwa!

Mama amecheka mpaka akakaa chini. "Basi imamu alimswalisha nani, mwanangu? Paka?"

Bado sitaki kumwita mtu mwongo. Nimenakili majina kumi na tisa tu ya kwanza, mengine kesho inshallah, kisha nitawauliza walio hai, mmoja mmoja.

Lakini jicho limetangulia chini. Jina la hamsini na tatu ni lako, Gona, na wewe ni mtu wa kanisani.

Ulikuwako?