Jezi ya Kipa Isiyofuliwa

Jumapili, Julai 2012. Durban.

Jua la baridi leo, lile linalowaka bila kupasha joto. Nimetoka kanisani nikajifungia chumbani kwangu hapa Berea. Chai nimeiacha ikapoa.

Nina aibu.

Mnaopita kwenye blogu hii mnaujua ugonjwa wangu: nakusanya jezi za makipa wa ligi ndogo, timu za wahamiaji na vibarua wa bandarini. Ninazo kumi na moja. Kipa ndiye ninayemwonea huruma uwanjani. Akiokoa mara tisa, watu wanakumbuka bao lile moja lililopita. Sharti langu ni moja tu, jezi iwe imechezewa na isiwe imefuliwa. Ikishaonja sabuni, kwangu ni nguo tu.

Wiki tatu zilizopita niliitamani ya Héritier, kipa wa timu ya Wakongo wa Overport, siku aliyookoa penalti mbili. Niliona haya kumwomba. Kwetu mtu mzima haombi nguo yenye jasho la mwenzake. Watu watasema anaipeleka kwa mganga. Basi nikaichomoa kwenye beseni la Mama Neema, anayeifulia timu, alipokwenda kuchota maji. Nilijiambia naazima. Mwizi gani hukosa maneno?

Jumamosi iliyofuata Héritier akavunjika kidole.

Leo, wakati wa ushuhuda, mama yake amesimama akasema kuna mtu ameuza jasho la mwanawe kwa wachawi. Hakutaja jina, na hakukuwa na haja. Timu ilishamwachisha Mama Neema kazi, na sasa hata akina mama wa kwaya walisogea wakamwacha peke yake kwenye benchi. Mimi ni shemasi. Nilikuwa nimeshika kikapu cha sadaka, nikakikodolea macho kama mtu aliyekiona leo kwa mara ya kwanza.

Nje Mama Neema alinifuata, mimi kati ya wote.

"Papa shemasi, miye sikuuzisha jasho ya mutoto wa mutu. Ile jezi ilipoteaka tu. Weye unanijua. Uwaambie."

Nikamwambia nitamwombea.

Nimwombee nini, na jezi iko chini ya kitanda changu? Nimefikiria kuirudisha kimyakimya mlangoni kwa Héritier. Lakini ikionekana hivyo, watasema Mama Neema ameogopa maombi akaitupa. Nitakuwa nimemmaliza kabisa.

Nimempigia mchungaji kuomba nafasi ya ushuhuda Jumapili ijayo. Amefurahi, akaniuliza Bwana amenitendea nini. Nikakata simu.

Kisha nikahesabu. Ni siku saba za Mama Neema kutembea Overport akiitwa mchawi, kwa sababu mimi hata toba naipangia ratiba.

Navaa viatu. Naanzia kwa Mama Neema, maana yeye ndiye aliyeniamini.