Salamu za Mwenye Haraka

Ndugu yangu Abdulaziz,

Huku Likoni hatujambo. Yule paka wako amezaa tena jikoni. Nakuandikia karatasi kwa kuwa haina kitufe cha kuongeza kasi.

Wajisifu kwamba wasikiliza vitabu mbiombio, kimoja kwa siku, na hata sauti zetu wazipitisha vivyo hivyo. Hongera. Bata naye humeza asitafune, na hakuna amwitaye msomi.

Juzi nilikutumia ujumbe wa sauti. Nilianza na salamu ndefu, kama tulivyolelewa, maana habari nzito haibwagwi mlangoni. Wewe ukaukatiza kwenye salamu, ukajibu: "Alhamdulillah. Nisalimie mama."

Mama alizikwa alasiri ile ile. Kabla hajafunikwa uso kwa sanda, nilimpa salamu zako.

Dadako,
Dhahabu