Saa Sita Mota Inazimwa

Baba,

Naandika nikiwa nimekalia gunia lako, lile la pembeni mwa mlango, na mota ya kinu imezimwa. Ndiyo, imezimwa, ni saa sita mchana, na laini ya wateja imefika nje kwa yule mama wa makaa. Wacha waniangalie. Wewe walikuangalia miaka yote na hukufa kwa kuangaliwa.

Ulipotuacha, Kyalo alikuja kutoka Athi River na maneno mengi. Unamjua mwanao. Ati kwa vile kumefunguliwa kinu kingine ng'ambo ya barabara, sisi hatuna nafasi ya kupumzika. "Mtu anakuja kusaga, hajaja kanisani," akasema. Saa yako ya kimya, ile ya kuzima mota saa sita na kutupigia kaseti, ikaondolewa hivyo tu, matanga hata hayajaisha vizuri. Redio kaseti yako ikapandishwa kwa rafu ikafunikwa na vumbi la unga. Mimi nilimwachia, maana yeye ndiye kifungua mimba, na mimi nilikuwa bado nalia.

Tulisaga, Baba. Asubuhi mpaka jioni bila kuzima. Nikifika nyumbani kichwa bado kinavuma, naongea na watoto kama wako ng'ambo ya mto, halafu nawagombeza wakiniuliza mbona napiga kelele. Na Mutinda, mfanyakazi wako mpole, yule uliyekuwa ukisema angefaa kuwa padri, akaanza kurushia watu debe zao. Alimtukana susu, nyanya ya watu mzima, mbele ya wajukuu wake. Mutinda!

Halafu siku moja mkanda wa mota ukashika shati lake. Wateja walikuwa wanapiga kelele, kinu kinapiga kelele, hakuna aliyesikia akiita. Niliona tu mdomo wake umefunguka. Niliirukia swichi. Mkono ni mzima, Baba, usishtuke, ni shati lililoraruka mpaka kola. Lakini aliketi chini kwenye unga akiutazama mkono wake, na mimi nikakumbuka ulivyokuwa ukituambia: "Mtu akishinda kwa kelele, mkono wake unasahau uko wapi." Nilikuwa nadhani ni maneno ya mzee anayetafuta nafasi ya kusinzia.

Kesho yake, saa sita, nikazima.

Wee! Ungesikia maneno. "Mwende, umerogwa?" "Sisi tuko na watoto wa kupikia!" Mama Ndinda, na ule mdomo wake, alijitwika debe yake akavuka barabara bila hata kuniaga. Lakini nilifanya vile ulivyokuwa ukifanya. Kwanza kimya, mpaka masikio yaache kulia. Halafu kaseti yako, ule wimbo wa gitaa uliourekodi kutoka redioni, wenye ile pahali katikati ulipobonyeza kitufe kibaya ukajirekodi mwenyewe ukifoka: "Mama Ndinda! Rudisha hiyo debe nyuma! Kila mtu ako na njaa!" Halafu gitaa linaendelea kama hakuna kitu kimetokea. Ulikataa kuifuta, ukasema acha iwafunze adabu. Mutinda alicheka mpaka machozi yakachora njia kwa unga wa usoni. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa sijasikia sauti yako tangu tukuzike.

Wengine walihama, sikufichi. Lakini Mutinda alirudi kuwa Mutinda, akaanza tena kuuliza wateja habari za ng'ombe wao. Watoto wangu wakaacha kunikimbia jioni. Na Mama Ndinda akarudi na debe yake, uso ameukunja. "Kule wanasaga vizuri," akasema, "lakini hakuna mtu wa kunigombeza."

Kyalo akapata habari. Alikuja Jumamosi, amevaa kofia ya kazini, akapita laini yote akasimama mbele kabisa, karibu na swichi. Ama niache upuuzi, akasema, ama akodishe kinu kwa mtu anayejua biashara, na mimi niende nikalime shamba la Katelembo. Alisema hayo mbele ya watu wote, Baba. Saa sita ikafika. Nikazima.

Tulikaa kimya, yeye ananikodolea macho. Nikabonyeza kaseti. Gitaa likalia kidogo, likavuta kama mlevi, likanyamaza. Nilipofungua, redio ilikuwa imeimeza, utepe umejisokota ndani wote. Niliona giza, haki ya Mungu. Ni kama nimekuzika mara ya pili.

"Si unaona?" Kyalo akasema, na akaweka mkono kwa swichi.

Hapo Mama Ndinda akaanza. Alianza na lile gitaa, kwa mdomo, ndi-ndi-ndi, hajui kuimba hata kidogo. Mama wa makaa akamfuata kutoka nje. Laini yote ikaingia, wale wa miaka yote wanaoujua huo wimbo kuliko majina ya jirani zao. Walipofika katikati wakanyamaza pamoja, wakavuta pumzi, halafu wakafoka, wote, kwa sauti yako, kwa hasira yako: "Mama Ndinda! Rudisha hiyo debe nyuma! Kila mtu ako na njaa!"

Kyalo akaruka nyuma. Baba, aliutoa mkono kwa swichi vile alivyokuwa akiutoa kwa sufuria ya nyama akiwa mdogo, akisikia umeingia. Gitaa la midomo likaendelea. Yeye akaketi kwa gunia lako, akajifunika uso na kofia, na mabega yakawa yanapanda na kushuka. Wimbo ulipoisha hakuniambia niwashe. Mambo ya kukodisha hajayataja tena.

Mutinda alijaribu kukunja utepe kwa kalamu lakini kaseti imekwisha. Sasa sauti yako iko kwa hawa watu peke yao. Kwa hivyo nakuahidi, maadamu swichi hii iko chini ya mkono wangu, saa sita itazimwa, hata kijengwe kinu kingine na kingine. Na mgeni akija kusaga, tutamfunza pahali pa kufoka.

Pumzika, Baba. Wimbo uko karibu kufika katikati, na Mama Ndinda ameanza kusukuma debe yake mbele. Anadhani sijamwona.

Mwende wako