Chungu Chenye Kifua Changu

Jumanne, 14 Mei 1996. Miezi saba tangu nitoke Ludewa.

Sikuyakata. Matiti ya chungu changu sikuyakata.

Kwetu wanaofinyanga ni wanawake. Mama alinifundisha mimi kwa kuwa hakuzaa binti. Hiki nimekifinyanga kwa mfano wangu: ndevu shingoni, na chini matiti kama haya niliyonayo tangu ujana. Wenzangu hapa kiwanda cha chai hupakia kuni kwenye boila vifua wazi. Mimi hata katika joto lile sivui shati.

Mvua ya Tukuyu haikatiki, kwa hiyo nilikianika pale kwenye boila. Leo nyapara amekiona.

"Wewe Mama Ludewa, umejifinyanga?" Watu wakaangua kicheko. "Kata maziwa hayo kikae. Hutaki, kitoe nje."

Nje kingeyeyuka. Nilishika kisu, kweli. Halafu nikajiuliza, nikikata ya udongo, haya yangu nitayafanyaje?

Nikavua shati mbele yao. "Tazameni vizuri, mniambie nilipokosea."

Nikakifunika chungu kwa lile shati, nikatoka nacho.

Jirani yangu, Mama Tupokigwe, mchuma chai, amekipokea. "Lete, mwanangu, kikae darini juu ya jiko na mahindi yangu. Marehemu mume wangu alikuwa nayo makubwa kuliko haya, na nimemzalia sita!"

Huenda kesho sina kazi. Naogopa, sifichi.

Kikikauka nitakichoma. Mwezi wa saba narudi nyumbani, na kutoka stendi nitakibeba kichwani, kama mama.