Magogo Yaliyoteleza Juu ya Migomba

Mlandege, Unguja

Kwako mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka mbali, na marahaba yako naisubiri kama vile nimesimama mlangoni pako. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko milimani? Viazi mmeshapalilia? Mimi ni mzima, ila viganja vimechubuka, ndiyo maana mwandiko umekaa upande. Zaina, mdogo wangu, wewe unayemsomea mama, soma polepole. Simu nimeishika mara nyingi nikairudisha mfukoni. Haya nnayotaka kusema hayapiti kwenye simu.

Mama, unajua nnafanya kazi kwa Mzee Haji, fundi wa chokaa. Nyumba kongwe za mawe za hapa mjini hazipatani na saruji. Zinataka chokaa ya mawe ya pwani yaliyochomwa. Tunapanga magogo duara, juu yake mawe, kisha tunatia moto; hilo ndilo tanuu letu. Magogo lazima yawe manene na makavu. Mwaka huu yalikuwa adimu, mpaka tukasikia habari za Bi Kidawa, mjane mwenye shamba kule ndani, kupita Kizimbani. Mikarafuu yake ilikuwa imekufa imesimama. Akaikatisha ili apande mipya kabla ya masika, lakini magogo yakabaki pale pale ubavuni mwa bonde. Waliotangulia walijaribu kuyabeba kichwani. Mmoja aliteleza akavunjika mguu, na wenzake hawakurudi tena.

Kwa macho yako wewe, mama, lile si bonde la kutisha. Lakini upande ule umesimama kama ukuta, udongo wake mwekundu na mtelezi, na kule chini, ng'ambo ya kijito, ndipo gari la ng'ombe linapoishia.

"Kwenu si milimani?" Mzee Haji aliniuliza. "Kuni za mahala kama hapa mnazitoaje?"

Nikamjibu kwamba sijui. Mama, huo ulikuwa uongo.

Nililala na uongo ule, na asubuhi nikarudi bondeni peke yangu. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya kijito. Magogo yale, ingawa yamekufa, yalikuwa yakinukia karafuu, harufu hafifu, kama nguo ya mtu aliyetoka chumbani kitambo. Nilikaa juu ya gogo moja nikasahau saa. Nilihisi nipo kwetu. Nilihisi nikigeuka tu nitamwona baba akishuka na kamba begani, suruali imekunjwa mpaka magotini. Sikugeuka. Niliogopa kukuta hayupo.

Jua lilipopanda nikaenda kwa Bi Kidawa nikamwomba migomba.

"Migomba ya nini?" akauliza.

"Ya kutandika njia, Bi."

Alinitazama kidogo. "Haya, kata iliyokwisha kuzaa. Mimi nshachoka kuyatazama magogo yale. Marehemu mume wangu alipanda miti ile mmoja mmoja, mimi nikimchotea maji."

Basi nikafanya kama baba alivyokuwa akifanya na kuni za kiwanda cha chai. Nikatandaza vigogo vya migomba kwa kukingama, kimoja baada ya kimoja, kutoka juu mpaka chini. Utomvu wake unateleza kama sabuni. Gogo unalifunga kamba, kamba unaizungusha mara mbili kwenye mti ulio hai, halafu unaiachia kidogo kidogo, na gogo linashuka kwa adabu, kama mgonjwa anayeshushwa kitandani. Mzee Haji alipoona la kwanza limefika chini bila kishindo, alivua kofia akajikuna kichwa. 

Siku tatu tulifanya hivyo, yeye chini, mimi juu. Sijui kukueleza raha niliyokuwa nayo. Kamba ilikuwa ikilia polepole kwenye gome, ndege wakinyamaza kila gogo linapopita kisha wakianza tena, na mimi sikuwa na umri wala kisiwa. Kuna wakati nilikuwa nikisikia hatua nyuma yangu, nzito, za mtu asiye na haraka. Nikawa naongeza bidii, kama mtu anayetazamwa.

Siku ya nne tukafikia gogo nene kuliko yote. Kamba ilikuwa imelowa utomvu. Nilipolisukuma, kamba ikateleza kwenye mti, nikaikamata, ikanichana viganja na kuniburura. Chini Mzee Haji alikuwa ameinama, anafungua gogo lililotangulia, mgongo amenigeuzia. Nikasikia sauti ikiita, "Pishaaa!" ndefu, ya kuvuta, ikagonga upande wa pili wa bonde na kurudi. Ilikuwa sauti ya baba, mama, ila ilitoka kifuani mwangu. Mzee Haji alijitupa nyuma ya kisiki. Gogo likapita palepale alipokuwa, likazama kwenye tope la kijito.

Nilishuka kwa makalio. Nikamkuta ameketi, mzima, anapangusa udongo kwenye ndevu. Alinivuta mikono akaiosha kwa maji ya kijito.

"Nani aliyekufunza kazi hii?"

"Baba yangu. Mungu amrehemu."

"Mbona siku ile ulisema hujui?"

Nikamweleza. Na sasa nakueleza wewe. Zaina, hapa usiruke neno hata moja.

Asubuhi niliyoondoka nyumbani, wewe ulikuwa umekwenda sokoni. Baba aliniomba nimsaidie kuteremsha shehena ya mwisho, kisha ndipo niende zangu. Nilimwambia, "Mimi si punda wako. Ukoo mzima umezeekea chini ya kuni."  Alichukua kamba akapanda mlima peke yake, nami nikapanda basi. Kaka alipopiga simu kwamba baba amefariki, nilisema nimekosa boti. Boti ilikuwapo, mama. Niliona haya kutia bega kwenye jeneza la mtu niliyemnyima bega alipokuwa hai.

Mzee Haji alikuwa bado ameishika mikono yangu.

"Mama yako anayajua haya?"

"Hayajui."

"Basi kamwambie. Mimi nshakupa ruhusa. Tanuu likishawashwa, nenda."

Tanuu limewaka, na mawe yameiva meupe kama unga wa mhogo. Bi Kidawa ameanza kuchimba mashimo ya miche mipya kwenye ubavu ule ule. Alinipa mmoja niupande kwa mkono wangu, nikaupanda, nikataja jina la baba kimoyomoyo. Bondeni sasa hakuna gogo, kuna vigogo vya migomba tu vinavyooza.

Nakuja, mama, kabla ya mwezi wa Ramadhani. Sijui utanipokeaje. Ukitaka kunigombeza, nigombeze, hata mbele za watu. Nnachoomba ni unifikishe kaburini kwa baba, kwa kuwa mimi sijui hata lilipo, halafu unipe radhi zako siku utakapoweza, si lazima siku hiyo.

Nisalimie kaka anayekushikia shamba, mwambie simlaumu kwa kuacha kunipigia. Shangazi muuza mapea nimemwekea karafuu za chai. Mjomba aliyemwosha baba mwambie nitakwenda kumwona kwanza kabla sijaenda kwa mtu mwingine. Na wewe Zaina, asante kwa kusoma mpaka hapa, najua umelia.

Siku nitakayofika usinipikie kitu, mama. Acha jiko lipoe na ukae tu kibarazani. Nitapanda mlimani mwenyewe kwanza, nilete kuni.

Ni mimi mwanao, niliyekukosea,
Athumani