Mtoto Ambaye Hajatia Udongo

Baba,

Shikamoo sitaiandika leo. Najua kwako mtoto aliyeanza maneno kabla ya salamu alikuwa anarudishwa mpaka mlangoni aingie upya. Nirudishe basi. Nina hasira na wewe tangu Januari, na nimechoka kuwaonyesha watu sura ya binti anayeshukuru kwa yote.

Wanasema ni wewe uliyeagiza. Mdogo wangu Atupele anasema hivyo, baba mdogo Ambokile anasema hivyo, hata Mama ananyamaza kwa namna ya kukubali. Eti ulipolazwa pale hospitali ya Makandana ulisema kwa kinywa chako, "Tusekile asiambiwe mpaka amalize mitihani." Ukafariki, wakakutii. Wewe ambaye ulipokuwa hai hapo nyumbani hakuna aliyekutii hata ukisema zizi lifungwe!

Nilipata habari hivi. Nimetoka kwenye mtihani wa mwisho, nimesimama nje ya kitivo hapa Szeged, Hungaria, mkononi nina chapati yao nene ya kukaangwa, ile wanayoipaka kitunguu saumu na maziwa mgando. Nilikuwa najipongeza. Atupele akapiga simu ya video. Nyuma yake Mama amekaa kwenye mkeka, kanga kichwani, hanitazami. "Dada, kaa kwanza." Nikamwambia nikae wapi, kote theluji. Basi akaniambia nikiwa nimesimama hivyo hivyo. Baba alifariki kabla ya Krismasi. Tumeshamzika.

Kabla ya Krismasi! Sasa nikwambie mimi nilikuwa wapi kabla ya Krismasi. Bweni lilikuwa tupu, Wahungaria wote wamekwenda kwao, sisi wageni tukapata basi la bei nafuu kwenda Vienna na kutoka hapo Prague. Vienna kuna soko la Krismasi linaloanza giza likiingia, yaani alasiri, maana jua lao la majira ya baridi ni la kuazima. Watu wanakunywa divai ya moto kwenye vikombe kama chai. Nilikula keki ya chokoleti, na kuna picha yangu nacheka, krimu imenikaa puani. Nimeilinganisha na alivyoniambia Atupele. Ni siku ile ile. Nyinyi mko migombani mnashusha jeneza, mimi niko Vienna nacheka na krimu puani. Na picha nikakutumia wewe.

Ikajibiwa: "Umependeza mwanangu. Soma kwa bidii."

Alikuwa ni Atupele, kashika simu yako jikoni, analia. Mimi nikajua ni wewe. Lakini wewe hujawahi kuniandikia ujumbe hata mmoja, Baba. Miwani ulikuwa huijui iliko, kwa hiyo ulirekodi sauti, na kila sauti ilianza kwa kikohozi na mvua juu ya bati. "Gwe Tuse, hao watu wanakula nini? Udongo wao una rangi gani?" Nimesimama Budapest mbele ya bunge lao, jengo ambalo watu wanavuka bahari kuja kulipiga picha, na baba yangu anataka nimchungulie udongo. Nikachungulia. Niliinama kwenye bustani nikachota kidogo kwa kidole, mlinzi akanitazama mpaka nikaona haya. Ukaniambia, "Huo hauoteshi hata mgomba mmoja," na sauti yako ilijaa furaha kana kwamba umewashinda Wazungu kwenye mashindano fulani.

Ndiyo maana Prague nilikupigia picha ule mkate wao wa kuchemsha, wanaukata vipande na kuumwagia mchuzi. Niliutuma huku natabasamu, nasubiri matusi yako. Nikajibiwa, "Nzuri sana mwanangu." Nikauliza mbona siku hizi hurekodi. Spika ya simu imeharibika. Na Mama? Ana malaria, amelala. Siku ya Krismasi mtandao ukawa mbaya huko nyumbani, Kawetele nzima. Nikaendelea kutuma! Daraja lenye masanamu nikakutumia, supu ya samaki nyekundu kwa pilipili isiyowasha nikakutumia, nikakusimulia tramu, maktaba, foleni ya mashine ya kufulia. Nilikuwa nazungumza na kabati la jikoni, walikoificha simu yako.

Atupele ameomba msamaha mara nyingi na sina kesi naye. Yeye alitumwa. Kesi yangu ni na wewe, na nitakwambia kwa nini.

Kawetele wanakujua kwa jambo moja kuliko chai yako na maparachichi yako. Kila msiba, kabla vijana hawajaanza kufukia, ulikuwa unasimama ukingoni mwa kaburi, kofia kifuani, unauliza kwa sauti: "Kuna mtoto ambaye hajatia udongo?" Na hakuna jembe lililoinuka mpaka ujibiwe. Unamkumbuka yule mama aliyekuwa anauza maziwa Bulyaga? Siku ya maziko yake mwanawe alikuwa njiani kutoka Tunduma, gari limewafia barabarani. Mvua ya kwetu ile, isiyoomba ruhusa. Mchungaji ameshakunja kitabu, wanaume wananung'unika, viatu vinazama. Ukakataa. "Huyu mama amemzaa. Tutalowa." Tukalowa. Kijana akafika jioni na tope mpaka magotini, akachota udongo kwa mkono, akautia, akalia mpaka akatulia mwenyewe. Ndipo ukasema, "Haya, fukieni." Nilikuwa mtoto, nimejikunyata chini ya jani la mgomba natetemeka kwa baridi, na nilikuona mkubwa kuliko mchungaji.

Sasa siku yako nani aliuliza? Nilimuuliza Atupele. Hakuna aliyeuliza, Baba. Wangeulizaje wakati jibu wanalo wote?

Uliwalowesha watu kwa ajili ya mtoto wa mwenzio, wa kwako ukaamuru asisubiriwe. Kwa sababu ya mitihani! Nimefaulu. Nimefaulu vizuri sana, kama ulivyotaka. Nieleze matokeo haya nimpelekee nani.

Huku hakuna msiba. Unafiwa, kesho yake unaingia maabara na koti jeupe kama wengine. Mwalimu wangu alinipa pole kwa upole kabisa, kisha akauliza kama nahitaji siku za ziada kumalizia ripoti. Hakuna aliyeleta kuni wala mkungu wa ndizi, hakuna aliyetandika mkeka akalala sebuleni kwangu bila kuulizwa ataondoka lini. Mwenzangu wa chumba, binti wa Kimongolia anaitwa Saran, aliniona nimekaa sakafuni na koti, hakujua la kufanya, akanipikia chai yao ya maziwa. Wanatia chumvi. Niliinywa yote huku nalia, na katikati ya kilio mkono ukaenda kwenye simu nikurekodie: Baba, kuna watu wanatia chumvi kwenye chai! Habari kama hiyo ungezunguka nayo wiki nzima pale wanapopima majani ya chai, na kila mtu angeambiwa kana kwamba umeionja wewe. Mkono ukarudi. Hapo ndipo nilipojua umekufa, si kwenye ile simu ya Atupele.

Nilijaribu kujifanyia msiba mwenyewe. Nikaenda dukani kutafuta ndizi mbichi nipike mbalaga, zile za maziwa za kwetu. Zipo ndizi mbivu tu, kila moja imebandikwa karatasi kama ina cheo. Nikachagua zilizokuwa na ukijani kwenye ncha, nikazitia maziwa, zikawa uji mtamu usio na maana. Nikaumwaga wote chooni kwa hasira. Halafu nasomea teknolojia ya chakula, Baba. Ungecheka hapo.

Halafu wiki iliyopita akanipigia baba mdogo na yake. Anataka kulijengea kaburi lako kabla ya Pasaka. Marumaru tayari, fundi tayari, ndugu wote watakuwepo. Nilimwambia naja Julai, aache udongo wazi mpaka nifike. Akasema mvua inaukata, kaburi linatitia, watu wanasema. Hakukosea kuhusu mvua. Lakini akaongeza, "Wewe utakuja utaweka maua." Maua! Maua nimeyaona Vienna, makaburi yao yanapendeza kuliko bustani zetu. Nikapaza sauti. Ndiyo, kwa baba mdogo, mimi, binti uliyemfundisha kupiga magoti akitoa maji ya kunawa. Nikamwambia akimwaga saruji hapo mimi sirudi Tukuyu tena. Akasema Ulaya imeniharibu, akakata. Nikabaki nimekaa kwenye ngazi za bweni, watu wananiruka kwenda kula, na nilijua kabisa nimeshindwa. Mtoto wa kike, yuko mbali, ameshamtukana mkubwa. Nani atamsikiliza?

Unamjua Mama.

Jumamosi akanipigia mwenyewe. Simu kaishika ovyo, naona bati tu na kipande cha kanga. Nikaamkia, akaitikia, kisha akasema, "Gwe Tuse, baba yako mdogo utamwomba radhi, kwa magoti, ukifika." Nikasema ndiyo, Mama. Nikajua basi, kaburi limekwishajengwa.

Akaendelea kwa sauti ile ile ya kuhesabu kuku. Fundi alikuja asubuhi na mifuko yake ya saruji. Yeye akachukua kigoda, akakiweka juu ya kaburi lako, akakaa, akaanza kuchambua maharage. Fundi akamwomba apishe. Akamwambia, "Kuna mtoto ambaye hajatia udongo."

Baba mdogo akaitwa. Akaja, akasimama, akasema mvua hii, shemeji, mvua hii itamlowesha kaka. Mama akamjibu, "Yeye aliwalowesha watu. Na yeye alowe."

Baba mdogo akavua kofia. Akamwambia fundi arudishe mifuko ndani.

Nimelia siku hiyo kuliko Januari. Saran akachemsha chai ya chumvi, safari hii hata sikumwambia ni mbaya.

Basi sikiliza. Hasira zangu sijazimaliza, nitakuja nazo. Julai nikishuka stendi sipiti kwa mtu, sinywi maji, sivui viatu vya safari. Naja moja kwa moja migombani. Nitachota udongo wetu mweusi kwa mkono huu uliochota wa Budapest, nitautia, nitalia mpaka nitulie mwenyewe, bila mtu kuniambia basi. Nikishamaliza nitaipigia magoti ile shikamoo niliyokunyima, na baba mdogo nitampigia yake. Kisha nitakaa kwenye kigoda cha Mama nikusimulie Vienna na Prague na chai ya chumvi, upya, mbele yako, na safari hii Atupele hatakujibia.

Nakuahidi hilo, Baba. Baada ya hapo waweke marumaru wanazotaka.

Mpaka siku hiyo usiulize tena. Mtoto yupo mmoja. Endelea kulowa, nakuja.

Mwanao,
Tusekile